Komeo la Kidoti

Mtaa mzima ulimwita Mzee Kufuli, na hata mke wake alishazoea kumwita hivyo. Alikuwa fundi wa vitasa na funguo, mwenye kibanda pale kona, jirani na duka la vipuri vya baiskeli. Ukipoteza ufunguo unamwendea yeye. Ukijifungia nje na sufuria iko motoni, unamwendea mbio, naye anakuja akitembea taratibu na mkoba wake begani, kwa sababu tangu aanze kazi hajawahi kuona mlango uliokimbia.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu alijinyoa mpaka nyusi. Nyumba yake ndogo ilikuwa na vitasa vingi kuliko milango: sebule ilifungwa, jiko lilifungwa, hata kabati la sukari lilikuwa na kijifunguo chake. "Siku moja nitafia ndani," mke wake alikuwa akiwaambia majirani, "na nyie mtazika mlango."

Mke huyo alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaa, na nusu ya watoto waliokuwa wakipiga kelele barabarani walipita mikononi mwake kabla ya kupita mikononi mwa mama zao. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Walilia sana juu ya jambo hilo walipokuwa vijana, kisha machozi yakaisha na maisha yakaendelea. Mkunga ndiye aliyeleta habari za kuwa walezi wa watoto wasio na kwao. Mzee Kufuli alibisha kidogo, kwa heshima ya ubishi tu, kisha akaenda naye kwenye mafunzo. Wakakaguliwa, wakakubaliwa.

Mtoto aliletwa mchana mmoja na afisa wa ustawi wa jamii, mama mwembamba ambaye mkoba wake ulikuwa na kila kitu isipokuwa kile alichokuwa akikitafuta. Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja. Begi lake hakulivaa mgongoni, alilikumbatia kifuani. Aliamkia vizuri, "Shikamoo baba, shikamoo mama," bila kuinua uso, halafu akaanza kutazama milango: ule wa mbele, wa jikoni, wa chooni, wa vyumbani. Mmoja mmoja, pole pole. Mzee Kufuli alimwona na moyo wake ukafurahi. Alidhani amepata mwenzake.

"Nitasema mbele yake," afisa alianza baada ya kukaa. "Huyu ameshafichwa mambo ya kutosha."

Mama wa binti huyu alifariki, alisema. Ndugu wakaja wakagawana vyombo, watoto hakuna aliyewataka. Walikuwa wawili, huyu na mdogo wake wa kike, anayeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyonayo kidevuni. Wakapelekwa pamoja kwa mlezi mmoja, mambo hayakwenda vizuri, wakaondolewa. Hayo mambo afisa hakuyajua undani wake, maana binti hakuwahi kumwambia mtu. Tangu siku hiyo wametengana: huyu katika kituo cha kulelea watoto, mdogo wake kwa mama mmoja mji mwingine. Zaidi ya mwaka hawajaonana, ni simu tu.

"Sasa yule mama anayemlea Kidoti amehamishwa kikazi, anaondoka mwisho wa muhula," afisa aliendelea. "Kabla ya hapo kamati yetu ya ustawi itakaa. Kama huyu ametulia hapa, Kidoti ataletwa hapa hapa. Kama hajatulia, Kidoti ana familia nyingine inayomsubiri, lakini ni mbali sana. Na huyu atarudi kituoni."

Binti aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Kutulia ni kufanya nini?"

"Kula, kulala, kwenda shule. Kuishi tu kama mtoto."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kazi na ameielewa.

Afisa alipoondoka, Mzee Kufuli akamchukua mtoto kumwonyesha chumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, lakini si kitanda alichotaka kukionyesha. Alitaka aone kitasa. Kilikuwa cha shaba, kizito, bora kuliko vyote alivyokuwa navyo kibandani. Alikuwa amekifunga asubuhi hiyo mwenyewe na kukisugua mpaka kinang'aa. Akatoa ufunguo uliofungwa kwa utepe mwekundu, akamvisha binti shingoni.

"Ufunguo ni huu tu," alisema. "Mmoja. Hakuna mtu mwingine mwenye nao, hata mimi. Humu ndani wewe ndiye mwenye nyumba."

"Asante, Fundi," binti akajibu.

Mzee Kufuli alitegemea kuitwa tena Baba kama kwenye salamu, au basi Mjomba. Lakini alijua kwamba haraka haraka haina baraka, akaupokea huo Ufundi akaenda zake.

Asubuhi alipofungua mlango wa chumba chake kwenda kuchemsha maji, nusura amkanyage. Binti alikuwa amelala kwenye zulia la sebule, mbele ya mlango wa nje, kajikunja, begi chini ya kichwa. Viatu vya shule viko miguuni, kamba zimefungwa.

Ikawa hivyo siku ya pili, na wiki ya pili. Kwa mengine yote alikuwa mtoto wa kupigiwa mfano. Alikula alichopewa, aliosha sahani kabla hujamwambia, alikwenda shule. Aliifanya hiyo kazi ya kutulia kwa bidii zote. Ila asubuhi ikifika, Mzee Kufuli anainua mguu juu na kumruka kama anayevuka mtaro, maji ya chai yanachemka, na siku inaanza.

Moyoni lakini aliumia, tena sana. Kitasa cha shaba, na mtoto analala sakafuni! Akafikiri, na kwa kuwa kwake kila tatizo la dunia hii lilikuwa kitasa dhaifu, akaona jibu. Jumamosi akapandisha mkoba begani na kuongeza komeo la chuma juu ya kile kitasa. Tangu siku hiyo binti akaacha hata kuingia chumbani kubadilisha nguo. Akawa anabadilishia nyuma ya pazia la sebule.

"Mume wangu," Mkunga alimwambia jikoni, "mtoto yule haogopi wezi."

"Anaogopa nini basi?"

"Sijui. Na wewe hujui. Mimi kazini simvuti mtoto, namsubiri. Weka bisibisi chini usubiri."

Kusubiri nako kulikuwa na mwisho wake. Mwalimu alituma habari kwamba binti anasinzia darasani. Afisa akapiga simu: je, analala? Mkunga hakuweza kusema uongo. Afisa akasema kwa sauti ya chini kwamba kamati haitapenda kusikia habari ya sakafu. Binti alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Aliweka sahani mezani na kurudi jikoni.

Akitoka shule alipitia kibandani kumsubiri Mkunga atoke kazini. Hapo tu ndipo uso wake ulilegea. Alipenda kuchambua skrubu, ndefu huku, fupi kule, na Mzee Kufuli alipenda kuwa na mtu wa kumwambia maneno ya kazi. Nyuma ya kibanda kulikuwa na ubao mkubwa wenye misumari, na kila msumari umening'iniza ufunguo. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake, na mtaa wote uliijua na kuitegemea: kila ufunguo aliouchonga aliuchonga mara mbili, mmoja wa mteja, mwingine wa akiba. Walevi wa mtaa ule walilala majumbani mwao kwa sababu ya ubao huo.

Siku moja alikuwa akihangaika na kufuli la mwenye duka la baiskeli, mwenyewe amesimama hapo akilalamika, binti akauliza kutoka nyuma, "Fundi, hizi ni za nani?"

"Hizo ni akiba," Mzee Kufuli alisema bila kugeuka. Na kwa kuwa mteja alikuwa anasikia, akaongeza chumvi kidogo. "Kila mlango niliouwekea kitasa, ufunguo wake uko hapo. Mtaa huu hakuna mlango nitakaoshindwa kuufungua. Wala kuufunga."

Mwenye duka akacheka. Kufuli likatii, likalipiwa, likaondoka. Mzee Kufuli alipogeuka, binti hayupo. Kwenye ubao, msumari wa mwisho kulia, palining'inia utepe mwekundu.

Akasogea. Msumari ule ulikuwa na funguo mbili, ule wa utepe umelala juu ya mwenzake, jino kwa jino. Mzee Kufuli akakaa juu ya sanduku akizitazama. Hakuwa amekumbuka kabisa. Mdomo wake ulisema ufunguo ni mmoja, na ulisema kweli ulivyojua. Mkono ulikuwa umeshachonga wa pili bila kumuuliza, kama ulivyofanya maisha yake yote.

Alizichukua zote mbili na tupa na bisibisi, akafunga kibanda kabla ya saa yake, akaenda nyumbani. Safari hii hakutembea taratibu.

Binti hakuwa ametoroka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, begi limefungwa, mikono juu yake.

"Shikamoo," alisema. "Gari linakuja saa ngapi?"

"Gari gani?"

"La afisa. Mambo yakiharibika huwa linakuja."

Mzee Kufuli akakaa kwenye ngazi, begi katikati yao. "Sikukudanganya kwa makusudi," alianza, na papo hapo akasikia jinsi neno hilo lilivyokuwa bovu. "Ni mazoea ya mkono. Mimi nikichonga ufunguo..."

"Ni sawa," binti akasema. Alilisema vizuri mno, neno ambalo ameshalisema kwenye nyumba nyingi.

Hapo Mzee Kufuli akafanya jambo la busara kuliko yote aliyofanya tangu mtoto huyo afike: alinyamaza. Alinyamaza mpaka mwenye duka la baiskeli akapita akasalimu, akajibiwa kwa mkono tu. Alinyamaza mpaka binti mwenyewe akachoka na ule ukimya.

"Kule kwa yule mama wa kwanza," alisema akitazama viatu vyake, "alikuwa akienda kazini anatufungia chumbani. Anasema ni kwa usalama wetu. Ufunguo anao yeye. Siku moja Kidoti akapata homa, mwili wote unatetemeka. Nikagonga mlango. Nikagonga mpaka mkono ukavimba. Watu walikuwa wanapita nje, nasikia viatu vyao. Hakuna aliyefungua mpaka yeye aliporudi." Akakaza kamba za kiatu kimoja. "Kidoti alipona. Lakini nikilala ndani siwezi kujua kama mlango umefungwa. Nikilala pale kwenye zulia, najua."

"Na viatu?"

"Niwe tayari."

Akamgeukia, na hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli. "Wewe ni fundi wa funguo. Ungekosaje ufunguo wa pili?"

Mzee Kufuli alilia. Hakujificha wala hakusingizia vumbi, alilia kama alivyolia ujanani mwake, kwa ajili ya yule mtoto aliyekuwa akigonga na kwa ajili ya mjinga aliyemwongezea komeo la chuma. Binti akamtazama kwa wasiwasi kidogo, halafu akamsogezea pindo la sweta lake ajifute.

"Gari haliji," alisema alipoweza kusema. "Sikulipigia na sitalipigia. Njoo."

Ndani, alibana zile funguo mbili kwenye koleo na kuzipitishia tupa mbele ya macho ya binti, meno yote yakaisha, zikabaki vipande viwili laini visivyoweza kufungua hata kabati. Kisha akampa binti bisibisi. Binti alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba chake, akatoa komeo, akatoa kitasa cha shaba, skrubu akazipanga kwa ukubwa kwenye kisahani. Akatazama mlango wa pili.

"Na huo?"

Ulikuwa wa chumba chake yeye mwenyewe Mzee Kufuli. Akavuta pumzi. "Na huo."

Mkunga aliporudi kutoka kazini alikuta milango ya ndani yote ina matundu, kabati la sukari liko wazi, na mlango wa chumba cha mtoto umeng'olewa pamoja na bawaba zake na kuegemezwa ukutani. Kitasa cha choo tu hakikuguswa, maana hata wema una mipaka. Mume wake alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vyuma, amechoka, macho mekundu.

"Tumeibiwa?" aliuliza.

"Hapana, mama," binti alisema. "Ni mimi na Fundi."

Walipobaki wawili Mkunga alisimuliwa yote. "Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," alisema. "Na sisi tulimletea rundo la unyasi, tena wa shaba." Akamshika mumewe mkono na hawakulizungumza tena.

Ukiacha cha choo, kitasa kilichobaki kilikuwa cha mlango wa mbele, kwa ajili ya watu wa nje, na ufunguo wake ukatundikwa pembeni, mahali ambapo mtoto anafika. Binti akaanza kulala kitandani. Si kila siku, na viatu bado viko miguuni, lakini kitandani. Darasani akaacha kusinzia. Mzee Kufuli akaanza kuamini.

Ndipo afisa akaja kukagua, akafurahi, akanywa chai, akafika kwenye chumba na kusimama. "Mlango uko wapi?"

Wakamweleza. Alisikiliza akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Laiti ningelijua hili," alisema. "Lakini msichana lazima awe na mlango unaofungika. Wakiwa wawili ndiyo kabisa. Kamati itaniuliza hilo kabla ya kuniuliza jina."

"Mlango ndio uliomuumiza," Mzee Kufuli alisema, na sauti ikampanda. "Sasa ili apewe mdogo wake, nimfungie tena?"

"Mzee wangu, mimi niko upande wako. Kanuni hazina upande."

Mkunga alikuwa ameshafungua mdomo, na Mkunga akifungua mdomo hata kanuni hujirekebisha. Lakini binti aliwahi.

"Kama mlango unafungwa kwa ndani tu?" aliuliza. "Nje hauna kitu. Hauna tundu, hauna ufunguo. Anayetaka kuingia anagonga."

Afisa akamtazama, kisha akamtazama fundi. "Inawezekana?"

"Muulize yeye," Mzee Kufuli alisema.

Kazi hiyo iliwachukua siku kadhaa, baada ya shule. Mzee Kufuli alizoea kuamuru, sasa akaamriwa. Walianza kwa kuziba tundu la kitasa kwa kipande cha mbao, wakalipiga msasa mpaka ukipitisha kidole hutahisi kitu, kisha wakaurudisha mlango kwenye bawaba zake. Yeye alitaka komeo la chuma. Binti alikataa.

"Kidoti akipata homa, na mimi nimelala sisikii, utaingiaje?"

Fundi wa vitasa, na umri wake wote, hakuwahi kulifikiria swali hilo. Akajikuna kisogo. "Basi tulitengeneze la mbao. Jembamba, ambalo naweza kulivunja kwa bega."

"Jaribu."

"Nijaribu nini?"

"Kulivunja. Nataka kuona."

Likatengenezwa komeo la kwanza, likashikizwa mlangoni kwa muda, binti akajifungia ndani akahesabu kwa sauti, na Mzee Kufuli akarudi nyuma hadi jikoni na kuja na bega lake. Komeo lilikatika vipande viwili, naye akaangukia mpaka kwenye kitanda. Binti akacheka. Hawakuwa wamewahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Mkunga alimkanda mumewe bega lile wiki nzima kwa maji ya moto, akimuuliza kila mara kama wezi wa siku hizi wote wana miaka hamsini na nane. Wakatengeneza la pili, sawasawa na lile.

Likabaki jambo la mwisho, mahali pa kulifunga. Mzee Kufuli alichora alama ya penseli mlangoni, usawa wa kifua chake, mahali makomeo hukaa. Binti akachukua penseli akachora chini, chini sana.

"Hapo utainama kila siku."

"Mimi nitainama. Kidoti ananifika hapa." Akaweka kiganja kifuani pake, mahali hasa, bila kusita. "Na mkono wake ukinyooka mbele unafika hapa. Naye lazima aweze kufungua."

Mzee Kufuli akatoboa pale alipoonyeshwa.

Afisa alikuja siku moja kabla ya kamati. Alipapasa upande wa nje, mbao laini. Akaingia, akafunga, akafungua. Akalazimika kuinama. "Mbona mmeliweka chini namna hii?"

"Ili mdogo wangu alifikie," binti alisema.

Afisa alifungua mkoba kutafuta kitambaa, hakukiona, akaufunga. "Ingia ujifungie, nione," alisema. Binti akaingia. Mlango ukafungwa, komeo likalia tak. Wale watu wazima watatu wakabaki nje wamesimama, na Mkunga akamkamata mumewe mkono mpaka kucha zikamwingia, kwani hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mlango ule kufungwa mtoto akiwa ndani bila mtu kusubiri kuuvunja. Mzee Kufuli alikuwa ameshaanza kupima umbali wa kutoka jikoni. Kisha komeo likalia tena, binti akatoka, jasho kwenye paji la uso.

"Naweza," alisema.

Siku iliyofuata simu iliita wakiwa mezani. Mkunga alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, ahsante mama, akaiweka chini. "Jumamosi," alimwambia binti. Binti akaendelea kula mpaka sahani ikaisha, kisha akaenda chumbani akajifungia, na wakamsikia akilia humo ndani, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Hawakumfuata. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na Mkunga alisema sehemu moja ya kazi hiyo ni kujua lini ubaki kwenye kiti chako.

Jumamosi binti alisimama kwenye ngazi tangu asubuhi. Gari lilipofika aliteremka mtoto mwenye alama nyeusi kidevuni, na dada mtu akakimbia akiwa ameshainama, mikono iko chini, tayari kumkumbatia mtoto wa kimo kile alichokikumbuka. Wakagongana vichwa. Kidoti alikuwa anamfika begani.

"Umekua," dada alisema. Aliusema mwaka mzima uliopotea katika neno hilo moja, na uso ukamharibika.

"Nilikuwa nakula," Kidoti akajitetea.

Alipofikishwa mbele ya Mzee Kufuli alitazama mvi zake akasema, "Shikamoo babu," na Mkunga alicheka mpaka akatafuta kiti. Chumbani alionyeshwa komeo. Hata yeye sasa alilazimika kuinama kidogo.

"Nilikosea," dada alisema. "Tutalipandisha juu. Fundi ana bisibisi."

Kidoti alilisukuma komeo. Tak. Akalivuta. Tak. "Liache," alisema. "Hili ni langu." Mchana kutwa nyumba nzima ilisikia tak, tak, tak, mpaka Mzee Kufuli akajuta kwa nini hakulipaka mafuta.

Asubuhi ya Jumapili aliamka kuchemsha maji. Alitoka chumbani, akainua mguu juu kumruka mtoto wa kwenye zulia, akauteremsha upande wa pili, ndipo akatazama chini. Zulia lilikuwa tupu. Nje ya chumba cha wasichana, ukutani, palikuwa na jozi mbili za viatu, kamba zimefunguliwa. Mlango ulikuwa umefungwa.

Maji yalichemka, chai ikawa tayari. Akaenda kuwaita. Mkono wake ulinyooka wenyewe kutafuta kitasa, ukakuta mbao laini. Akaukunja, akagonga.

"Nani?" ilikuwa sauti ya Kidoti, nzito kwa usingizi.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mzee Kufuli alifungua mdomo na hakujua ajibu lipi. Ndani wakanong'onezana, kitanda kikalia.

"Ni Fundi wetu huyo," alisikia dada mtu akisema, kisha kwa sauti zaidi, "Fundi, subiri. Bado tumelala."

Katika mtaa ule hapakuwa na mlango uliowahi kumweka nje. Mzee Kufuli akaegemea ukuta, kando ya viatu, akasubiri.